Mia moja aliwaweza, ishirini na wanane wakamshinda

HYATTSVILLE, Maryland – Siku ya kwanza alipoingia darasani katika nchi hii, mwalimu huyu alisimama mlangoni akasubiri. Alikuwa anasubiri wanafunzi wasimame. Kwa miaka 18 aliyofundisha hesabu katika shule za sekondari za Morogoro na Dodoma, hakuwahi kuingia darasani akawakuta wanafunzi wamekaa na wakabaki wamekaa. Kule viti vinasikika vikisukumwa nyuma, sauti zinatoka kwa pamoja kumsalimu, yeye anaitikia, anawaambia wakae, na somo limeanza. Hapa, katika shule moja ya viunga vya Washington alikoitwa kuziba nafasi ya mwalimu aliyekuwa mgonjwa, hakuna aliyesimama. Wawili waliendelea kutazama simu zao, mmoja alikuwa amelalia meza, na binti mmoja wa mstari wa mbele alimuuliza, bila ubaya wowote, kwamba yeye ni nani.

"Swali lile lilinimaliza," alituambia. "Nyumbani nimefundisha darasa la watoto mia moja, nikawaweza. Hawa ishirini na wanane walinishinda kabla sijaandika tarehe ubaoni."

Tumekaa naye Jumapili mbili, nyumbani kwake, kwa chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga ambayo hapa hununuliwa ikiwa imegandishwa. Ameomba tusimtaje jina kwa sababu mkataba wake wa mwaka ujao wa masomo haujasainiwa. Tumemkubalia. Sisi tulioondoka nyumbani kwa sababu ya mambo tuliyoyachapisha na kuyawekea majina yetu, hofu ya namna hiyo hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Tumeona tuiandike habari hii kwa sababu si ya mtu mmoja. Katika eneo hili ambalo wenyeji huliita DMV kwa kifupi, yaani jiji la Washington pamoja na viunga vya Maryland na Virginia, ukienda kwenye msiba au harusi ya watu wa Afrika Mashariki hukosi kukutana na mtu aliyekuwa mwalimu. Mwingine anaendesha teksi, mwingine anatunza wazee majumbani, mwingine ni msaidizi wa mwalimu katika darasa ambalo angeweza kulifundisha yeye. Ukiwauliza kwa nini hawakurudi kwenye ubao, wengi husingizia karatasi. Ukikaa nao zaidi, kikombe cha pili cha chai, unasikia jambo jingine: waliingia darasani mara moja au mbili, wakaogopa.

Karatasi nazo si kisingizio kitupu. Vyeti vya chuo cha nyumbani ni lazima vipelekwe kwa taasisi ya kuvipima na kuvilinganisha na vya Marekani. Kuna mitihani ya leseni, kuna alama za vidole. Mwalimu wetu alihitaji pia barua ya mwajiri wake wa zamani kuthibitisha miaka yake 18, na barua hiyo ilimchukua miezi kuipata, kwa kupiga simu usiku wa manane ili kumkuta karani wa halmashauri asubuhi ya kule. (Fikiria basi mkimbizi ambaye hathubutu hata kupiga simu hiyo.) Muda wote huo aliishi kwa kuziba nafasi, leo shule hii, kesho ile, kila siku mgeni.

Lakini tusidhani kwamba shule za hapa hazijui thamani ya mwalimu mzoefu kutoka nje. Kaunti ya Prince George's, ambayo ina wanafunzi zaidi ya laki moja na elfu ishirini, iliwahi kuagiza walimu kutoka nje kwa mamia, wengi wao Wafilipino. Mwaka 2011 Wizara ya Kazi ya Marekani iliitaka kaunti hiyo iwalipe walimu 1,044 jumla ya dola milioni 4.2, kwa sababu walibebeshwa gharama za viza ambazo kisheria zilikuwa za mwajiri. Uzoefu uliagizwa, uzoefu ukaja, na wenye uzoefu wakatozwa nauli yake.

Nani alikuwa anatuliza darasa?

Tulimuuliza mwalimu wetu swali moja lililoonekana jepesi: kule nyumbani, ni nani hasa aliyekuwa anatuliza darasa lako? Akaanza kujibu, "Mimi." Kisha akanyamaza, akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Kulikuwa na kiranja, aliyekuwa anaandika majina ya wapiga kelele kwenye karatasi kabla mwalimu hajafika. Kulikuwa na mwalimu wa zamu akipita barazani. Kulikuwa na mwalimu wa nidhamu, ambaye jina lake pekee lilitosha. Kulikuwa na mstarini asubuhi, sare, kengele, na mtihani wa taifa wa kidato cha nne uliowatisha watoto kuliko mwalimu yeyote. Kulikuwa na mzazi ambaye, akiitwa shuleni, huanza na kumwomba mwalimu radhi. Na kulikuwa na fimbo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Sote tuliosoma kule tunajua kanuni hiyo inaheshimiwa kwa kiasi gani.

"Kumbe nilikuwa na wasaidizi kumi," alisema. "Nilidhani ni mimi."

Hapa wasaidizi hao hawapo, au wapo kwa sura nyingine. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za umma za jiji la Washington mwaka 1977, Virginia mwaka 1989 na Maryland mwaka 1993. Kumtoa mtoto nje ya darasa kuna utaratibu wake na fomu zake, na tangu mwaka 2017 sheria ya Maryland inazuia kumsimamisha masomo mtoto wa chekechea hadi darasa la pili isipokuwa kwa sababu nzito sana. Mtoto mwenye mahitaji maalumu ana mpango wake wa maandishi unaotokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, na mwalimu asiyeusoma mpango huo anaweza kumwadhibu mtoto kwa jambo ambalo ndilo ugonjwa wenyewe. Mzazi naye, akipigiwa simu, anaweza kuanza kwa kuuliza mwalimu amefanya nini. Mwalimu wetu anakiri kwamba simu ya kwanza ya aina hiyo ilimfanya akae ndani ya gari dakika ishirini kabla ya kuliwasha.

Tusiseme kwamba utaratibu wa hapa ni mbaya. Mwandishi yeyote aliyewahi kuona mgongo wa mtoto uliochapwa hawezi kuulilia ule wa kule. Tunachosema ni kwamba mwalimu wa nyumbani hukabidhiwa darasa ambalo shule nzima na mtaa mzima umekwisha kulitengeneza, na hapa kila mwalimu hulitengeneza mwenyewe, chumba kwa chumba, kuanzia wiki ya kwanza, tena kwa watoto ambao mmoja wazazi wake wametoka El Salvador, mwingine Ethiopia, mwingine Kameruni, na mwingine babu zake wamezaliwa mtaa huo huo.

Miaka na kujiamini

Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1984 mtaalamu wa Uholanzi, Simon Veenman, alikusanya tafiti 83 kuhusu shida za walimu wapya, akakuta kwamba shida iliyotajwa mbele ya zote ni nidhamu ya darasa. Si somo lenyewe, si vitabu, si mshahara. Mwaka 2005 Anita Woolfolk Hoy na mwenzake Rhonda Burke Spero walionyesha jambo ambalo kila aliyepitia chuo cha ualimu atalitambua: kujiamini hupanda wakati wa mazoezi ya kufundisha, kisha hushuka katika mwaka wa kwanza wa kazi, pale yule mwalimu mwenyeji aliyekaa nyuma ya darasa anapokuwa hayupo tena.

Utafiti uliotugusa zaidi ni wa Robert Klassen na Ming Ming Chiu uliochapishwa mwaka 2010. Waliwauliza walimu 1,430 waliokuwa kazini nchini Kanada. Walikuta kwamba kujiamini kwa mwalimu, pamoja na katika kulimudu darasa, huongezeka tangu mwanzo wa kazi hadi kwenye mwaka wa 23 hivi, kisha huanza kupungua. Mlima, basi, si ngazi isiyo na mwisho.

Tulimchorea mwalimu wetu mlima huo nyuma ya bahasha. Kwa miaka yake 18 alipaswa kuwa karibu na kilele. Aliutazama, akachukua kalamu, akaweka alama chini kabisa mwanzoni mwa mstari, akaandika mwezi na mwaka aliofika Marekani.

Maelezo yake tunayapata kwa Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeandika mwaka 1977 kwamba chanzo kikubwa cha mtu kuamini kwamba analiweza jambo ni kuwa amekwisha kulifanya akafanikiwa. Sasa, mafanikio ya mwalimu wetu yalikuwa ya kulimudu darasa lenye kiranja, kengele na fimbo. Kumbukumbu hiyo haikumdanganya. Ilikuwa ya kazi nyingine. Kwa kazi hii mpya hakuwa na hata siku moja ya kushinda ya kujikumbushia.

Yupo mtafiti mwingine ambaye sisi wa magazeti tunampenda kwa sababu ya kichekesho. Jacob Kounin alikuwa anafundisha chuo kikuu, akamkuta mwanafunzi mmoja anasoma gazeti wakati wa mhadhara, akamkemea. Akashangaa kuona wanafunzi wengine, ambao hawakuwa na kosa, wamenyooka vitini na kujifanya wanaandika. Akaanza kuchunguza: je, karipio la mwalimu ndilo linalotuliza darasa? Alirekodi madarasa mengi kwa video, na kitabu chake cha mwaka 1970 kilitoa jibu ambalo hakulitegemea. Namna mwalimu anavyokemea, kwa ukali au kwa upole, haikutofautisha sana madarasa yaliyotulia na yaliyovurugika. Kilichotofautisha ni yale yaliyofanyika kabla ya kosa: mwalimu anayeona kila pembe na watoto wakajua kwamba anaona, anayeweza kushughulika na mambo mawili kwa wakati mmoja, na anayetoka kwenye kazi moja kwenda nyingine bila kuacha mwanya wa watoto kukaa bure.

Selotepu ya Baltimore, video ya Mbeya

Mwalimu asiyejiamini hufanya nini? Hapa tuna ushahidi wa mtu mzito. Michelle Rhee alikuwa mkuu wa shule zote za umma za jiji la Washington kuanzia mwaka 2007 hadi 2010. Mwaka huo wa 2010, akizungumza na walimu wapya, alisimulia mwenyewe habari ya mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, huko Baltimore, mapema miaka ya 1990. Darasa lilimshinda. Siku moja, ili watoto watulie wakati wa kupita koridoni kwenda kula, aliwabandika vipande vya selotepu mdomoni. Walipofika na kuambiwa waibandue, ngozi za midomo zikatoka nayo, watoto wakawa wanalia na wengine wanatoka damu.

Hatuirudii habari hiyo kwa kumsuta. Aliisema mwenyewe hadharani. Lakini ni mtu huyo huyo aliyeleta mwaka 2009 utaratibu wa kuwapima walimu wa Washington, mkaguzi akikaa darasani takriban nusu saa, mara tano kwa mwaka, na uendeshaji wa darasa ukiwa miongoni mwa yanayopewa alama. Julai 2010 walimu 241 waliachishwa kazi, wengi wao kwa sababu ya alama hizo. Alipokuwa mgeni darasani yeye mwenyewe alipata miaka mitatu ya kujifunza. Kwa upande mmoja tunakubaliana naye: miaka mingi kazini peke yake si ushahidi wa chochote, na tuliosoma na walimu waliochoka tunajua. Kwa upande mwingine, mtu anayehesabu kila dakika akisubiri mlango ufunguliwe na mkaguzi hawezi kuwa na lile jicho la Kounin. Jicho lake liko mlangoni.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Oktoba 2016 nchi nzima ya Tanzania ilitazama video ya walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha wakimshambulia kwa makofi na mateke mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya sekondari Mbeya Day. Vijana wale walifukuzwa masomo. Wengi waliwaita wanyama. Sisi tuliona pia kundi la watu wapya katika kazi ambao hawakuwa na njia nyingine mkononi mwao ya kumfanya mtoto afanye zoezi lake, na hakuna mwalimu mzee aliyekuwa chumbani kuwaambia waache.

Tanzania inalijua jambo hili la mwalimu mzee kuliko inavyokiri. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu, wakijifunza kazi huku wakifundisha, kwa miaka mitatu, chini ya walimu waliowatangulia. Watu waliwadhihaki kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Lakini baadhi ya watu waliotufundisha kusoma walikuwa wa UPE, na darasa lao lilikuwa limetulia. Miaka ya 2000 ikaja zamu ya wahitimu wa kidato cha sita kupewa mafunzo ya mwezi mmoja na kupelekwa mashuleni. Hao wakaitwa vodafasta. Hao wengi wao walikuwa na elimu kubwa kuliko wa UPE. Walichokosa ni mtu wa kumtazama akifanya kazi.

Darasa letu la Jumamosi

Tunaweza kulisema hili kwa uhakika kwa sababu nasi tulijaribu. Wazazi kadhaa wa Silver Spring waliomba watoto wao wafundishwe Kiswahili kila Jumamosi, nasi kwa kiburi cha shahada na cha miaka ya kuandika Kiswahili kila siku, tukakubali. Tuliandaa ngeli za nomino. Watoto kumi na mmoja, wa miaka saba hadi kumi na miwili, katika chumba cha kuazima. Dakika ya kumi mmoja alikuwa chini ya meza. Dakika ya ishirini tulipandisha sauti, wakatutazama kwa mshangao, kisha wakacheka, na baada ya hapo kila tulichosema kilikuwa kichekesho. Jumamosi ya tatu tuliamka na tumbo linauma.

Akaja mama mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyekuwa amekuja kulea wajukuu. Tulimwamkia, tukampa darasa kwa aibu. "Marahaba, wanangu, kaeni hapo nyuma mtazame," alituambia. Hakuingia darasani kwanza. Alisimama mlangoni, na kila mtoto aliyefika alimsalimu kwa jina na kumpa kikaratasi chenye picha ya kitu cha jikoni, atafute mwenzake mwenye neno la kitu hicho: mbuzi ya kukunia nazi, kinu, ungo. Walipokwisha kuingia wote, tayari walikuwa wanafanya kazi. Yule wa chini ya meza alipoanza kuteleza kwenye kiti, mama hakukatiza sentensi yake. Alisogea tu akasimama karibu naye, akaweka mkono juu ya daftari lake, akaendelea kuzungumza na wengine. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliishusha.

Tulimuuliza baadaye kama alikuwa hivyo tangu zamani. Akasema miaka yake kumi ya kwanza alikuwa anachapa. Kisha alihamishiwa shule ambayo mwalimu mkuu alikuwa hataki fimbo darasani, akajikuta hajui kazi, akalia mwezi mzima, akaanza kumtazama mwalimu wa darasa la jirani. Kwa hiyo alipofika Marekani na watoto wasiosimama, alikuwa amekwisha kuanza upya mara moja maishani. Hakuogopa kuanza mara ya pili.

Mwalimu wetu wa hesabu hakuwa na Tanga jirani, lakini alipata mtu. Mwaka wake wa pili, alipopewa darasa lake mwenyewe kwa leseni ya muda, mwalimu mmoja wa Kimarekani wa chumba cha pili, mama wa makamo aliyezaliwa kaunti hiyo hiyo, alimwambia aje akae nyuma ya darasa lake katika kipindi chake cha maandalizi. Alikaa wiki sita. Aliandika, kama mwanafunzi, kila kitu alichokifanya mama yule katika dakika tano za kwanza. Zoezi liko ubaoni kabla mtoto hajaingia. Simu zina mfuko wake ukutani. Anayechelewa hasemwi, anaonyeshwa kiti. Mzazi hupigiwa simu wiki ya kwanza, mtoto akiwa bado hajakosa, kumsifu.

Akayajaribu. Mengine yalikataa mdomoni mwake, hasa yale maneno ya kusifu kila dakika, ambayo anasema kwa Kiingereza chake yanasikika kama uongo. Mengine yakashika. Na baadhi ya mambo ya Morogoro yakaanza kurudi, ambayo alidhani ameyaacha: kulijua kosa la hesabu la mtoto kwa kuitazama karatasi mara moja kutoka mbali, kujua ni nani ameelewa na ni nani anaitikia tu. Jambo hilo wenzake wapya wa miaka ishirini na kitu hawana, na wameanza kumwuliza. Anapotueleza hayo mgongo wake unanyooka.

Bado wapo wanafunzi watatu katika kipindi cha mwisho ambao anasema hajawaweza, na anatutajia mmoja mmoja, tabia zake na kiti anachokaa, kama mtu anayepanga mechi. Mkuu wa shule atakuja kumkagua mwezi huu, naye hajui siku. Barua ya mkataba ilikuwa haijafika tulipokuwa tunaandika. Tulipoaga, saa tatu za usiku, mezani palikuwa na rundo la karatasi za kipindi cha kwanza ambazo hajazisahihisha, na kipindi hicho huanza Jumatatu saa moja na dakika hamsini asubuhi, yeye akiwa amesimama mlangoni.